Vipuri Vipya, Laptopu Ileile?

Laptopu ya ThinkPad X220 ilitoka mwaka 2011. Fundi hulegeza skrubu moja, akachomoa diski ya sahani zinazozunguka na kupachika SSD. Mashine iliyokuwa ikijikongoja inawaka upesi. Kisha RAM, betri, kibodi. Bado ni ileile?

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alisimulia ubishi kama huo kuhusu merikebu ya shujaa Theseus, iliyobadilishwa mbao zilizooza. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes akaukoleza: mbao kuukuu zikiundwa merikebu tena, ipi ndiyo yenyewe?

Kwa laptopu, mwendelezo wa matumizi una uzito zaidi kuliko vipande, maana kazi ya jana inaendelea leo. Lakini hautoshi: mafaili hayohayo yakihamishiwa laptopu nyingine, hakuna atakayeiita ile ya zamani. Kigezo kinachobaki ni bodi kuu, ambako prosesa imelehemiwa.