Jirani Kabla ya Nyumba

 

Vijana wawili wa darsa yetu wamepata kazi bara, mmoja Kitale na wa pili Bungoma. Hilo si jambo geni. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, na hata kabla yake, walimu, wauguzi, makarani wa benki na maafisa wa serikali wamekuwa wakipelekwa huku na huku, na mtu wa Mombasa au Lamu aweza kuamka siku moja akaambiwa riziki yake iko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao. Kabla ya kusafiri, vijana hawa walituuliza suala moja: tukifika huko, tukae mtaa gani?

Wako waliocheka. Wakasema kuwa hilo ni suala la dalali, wala halina haja ya kuletwa mbele ya kitabu. Sisi twaona kinyume cha hayo. Mtu anapochagua nyumba huchagua kuta na paa kwa ajili yake mwenyewe. Lakini anapochagua mtaa, huwachagulia watoto wake walimu wasiolipwa mshahara, nao ni majirani. Tena hujichagulia watu ambao Mwenyezi Mungu atamuuliza juu ya haki zao. Jambo lenye hesabu ya akhera ndani yake haliwezi kuwa la dalali peke yake.

Na tuieleze mas-ala yenyewe. Kijana wa Kitale ameonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza iko Milimani: ina ua, lango, tangi la maji na bustani, na mtaa wenyewe umetulia. Lakini msikiti uko mbali, na katika njia ile hajui nyumba moja ya Kiislamu. Ya pili iko katikati ya mji, nyuma ya maduka: vyumba viwili, bomba la maji la kushirikiana, kelele mchana kutwa, lakini adhana ya Alfajiri yamfikia mtu kitandani. Wa Bungoma naye yu katika hali hiyo hiyo: nyumba mpya upande wa Kanduyi, ilipo njia kuu ya kwenda Malaba, au nyumba kuukuu karibu na soko na msikiti. Mshahara wa kila mmoja watosha kodi ya nyumba zote mbili. Basi akae wapi?

Waarabu wana msemo mashuhuri kuwa jirani hutafutwa kabla ya nyumba. Wako wanaounasibisha msemo huu na Mtume (S.A.W.), na hapo yatupasa tuseme kweli, kwani wanavyuoni wa Hadithi wameidhoofisha isnadi yake. Walakini maana yake haikosi nguzo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametaja kuabudiwa Yeye peke yake, kisha akataja wema kwa wazazi, na jamaa, na mayatima, na masikini, kisha jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na katika Hadithi iliyo sahihi, Mtume alieleza kuwa Jibrili aliendelea kumuusia juu ya jirani hata akadhani kuwa jirani atapewa fungu katika mirathi. Kitu kilichofikia daraja hiyo hakichaguliwi kwa kutazama rangi ya vigae.

Sasa tutazame makosa mawili ambayo watu wetu huyafanya wanapohamia bara.

Kosa la kwanza ni kuchagua kilima kwa kuwa ni kilima. Yafaa tujue mitaa hii imetoka wapi. Kitale ulikuwa mji wa masetla. Reli iliufikia mwaka wa 1926, na mashamba yaliyouzunguka yalikuwa katika ile ardhi waliyotengewa Wazungu hata ukoloni ulipokaribia kwisha. Katika miji ya namna hiyo, mahali pa juu penye hewa nzuri palikuwa pa Mzungu, Mhindi alikaa karibu na duka lake, na Mwafrika alitengewa bondeni. Wakoloni wameondoka, lakini daraja zile za mitaa zimebaki katika nyoyo zetu. Mtu akipanda cheo, kitu cha kwanza akitakacho ni kupanda kilima, apate kuitwa bwana mkubwa. Ikiwa sababu yake ni hewa safi na utulivu, hana lawama, kwani nyumba ya nafasi ni katika neema za dunia. Ikiwa sababu yake ni kutengana na masikini, basi na ajue kuwa amerithi kiti cha mtu aliyekuwa akimdharau babu yake.

Na tazameni madhara yanayofuata. Katika kila mji mdogo wa bara, Waislamu ni wachache. Wale wenye elimu na mshahara wakihama wote kutoka ubavuni mwa msikiti, nani atabaki? Atabaki mchuuzi, na mjane, na mzee. Chuo cha watoto kitabaki na mwalimu asiyejua mwisho wa mwezi atalipwa na nani. Msikiti utajaa Ijumaa, kisha milango ya magari itafungwa na kila mtu atarudi kilimani kwake. Hapo tutasema kuwa Waislamu wa bara wako nyuma, na hali sisi ndio tuliowaacha nyuma.

Mtu atajibu: “Ardhi yote imefanywa msikiti, mimi nitaswali nyumbani na watu wangu.” Ni kweli sala yake itasihi. Lakini mtoto wa miaka saba hajifunzi dini kwa sala ya baba yake peke yake, ambaye huondoka asubuhi na kurudi usiku. Hujifunza kwa kuwaona wengi. Na Kitale si Mombasa. Mji uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,900, na mvua zake huanza Machi na kuendelea kwa miezi mingi, nyingi zikinyesha baada ya adhuhuri, wakati ule ule watoto wanapotoka skuli kwenda chuoni. Safari ionekanayo ni fupi siku ya kutazama nyumba, mwezi wa Mei huwa ni matope na baridi, na mtoto akikosa siku tatu, ya nne hujisahau.

Je, maana yake ni kuwa ni haramu kukaa mbali? Hasha. Bani Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti wa Madina, wakataka kuhamia karibu. Mtume hakupenda pembezoni mwa Madina paachwe patupu, akawaambia wakae majumbani mwao, na kuwa nyayo zao za kuja msikitini huandikwa. Na Sayyidna Umar mwenyewe alikuwa akikaa Awali, nje ya mji. Akafanya shauri na jirani yake wa Kiansari: siku moja huyu hushuka kwa Mtume na kurudi na habari na ilimu, siku ya pili hushuka yule. Basi umbali haukumdhuru Umar, kwa kuwa aliufanyia mpango. Kinachomdhuru mtu wa leo ni kukaa mbali bila ya mpango wowote, akatumaini kuwa dini itamfuata yenyewe mpaka langoni.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, na wengi hulidhani kuwa ni ucha Mungu. Nalo ni mtu kujificha kati ya watu wa kwao tu. Hufika Bungoma akawatafuta watu watatu wa pwani, akakaa nao, akala nao, akawasema wenyeji nao. Mwaka wa tano hajui jina la mama anayeuza mboga mlangoni mwake. Akirudi likizo husema: “Huko hakuna watu.” Ewe ndugu yangu, wako watu. Wewe ndiye uliyekuwa hukuwako.

Katika jambo hili sisi watu wa pwani tuna deni la zamani, na ni wajibu tuliseme. Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu mwaka wa 1883, mahali ambapo leo ni Mumias, misafara ya pwani ilikwisha kuijua njia ile. Kutokana na misafara hiyo Uislamu uliingia katika nyumba ya Nabongo Mumia, na kutoka huko ukaenea katika miji ya magharibi. Tunaona fahari kulisimulia hilo. Lakini misafara ile ile ilibeba pembe, bunduki na watumwa. Tena mwaka wa 1895, Waingereza walipowapiga Wabukusu katika vita vya Lumboka na Chetambe, katika jeshi lao mlikuwa na askari wa Kisudani, nao walikuwa Waislamu. Basi mtu wa pwani aendapo Bungoma hutanguliwa na habari zake, nzuri na mbaya. Jirani wa Kibukusu akimtazama kwa shaka siku ya kwanza, asikasirike. Shaka hiyo haitaondolewa na hotuba. Itaondolewa na sahani ya chakula, na kuhudhuria maziko, na kulipa deni kwa wakati wake.

Wala asiseme mtu kuwa haki ya jirani ni ya Muislamu kwa Muislamu. Abdullahi bin Amru alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na jambo alilolikariri kuuliza ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama. Na Bibi Aisha alipouliza, kati ya majirani wawili, ni yupi ampelekee zawadi, Mtume alimjibu kuwa ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Tazama kipimo hiki: ni mlango, wala si kabila. Na anayekaa Milimani asidhani kuwa jirani zake huishia penye ua. Kitale ina mitaa ya masikini kama Kipsongo na Shimo la Tewa, jina ambalo mtu wa Mombasa akilisikia hudhani yuko kwao. Watu wa huko ndio wamfuliao nguo na kumlindia lango.

Liko swali moja zito ambalo hatutaki kulipita. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, watu wa Trans Nzoia walifukuzwa katika nyumba zao kwa ajili ya makabila yao. Na katika Mlima Elgon, upande wa Bungoma, damu ilikuwa imekwisha kumwagika tangu 2006 kwa ajili ya ardhi. Je, si salama zaidi kila mtu akae na watu wake? Twasema kuwa tahadhari si dhambi, na mwenye watoto ana haki ya kuuliza mtaa ulikuwaje katika siku zile. Lakini na aulize pia suala la pili: katika mtaa huo, nani alimficha jirani yake? Mtaa wenye watu wa namna hiyo una ngome iliyo bora kuliko lango la chuma. Na mtu hafichwi na jirani ambaye hakupata kumwamkia.

Limebaki neno juu ya mke. Wengi huchagua nyumba peke yao, kisha huleta ahali yao kama waletavyo sanduku. Mume atakuwa kazini na wenziwe. Mke atakuwa katika ua mzuri, katika mji wa baridi asioujua, hana wa kumuuliza zahanati iko wapi wala wa kumshika mkono akiugua. Mwenyezi Mungu ameamrisha mume na mke washauriane hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Vipi katika mahali pa kuishi miaka? Na aende pamoja naye, watazame pamoja.

Basi shauri letu kwa vijana wetu ni hili. Uendee mtaa mara tatu kabla ya kulipa kodi: Alfajiri, usikie kunavyoamka, alasiri, uone watoto wanacheza wapi na nani, na usiku, ujue kama jirani wa ukuta ni baa. Uliza maji, uliza njia wakati wa mvua. Usikope ili upate kilima. Mwenye watoto wadogo na achague nyumba ambayo watoto wataweza kwenda chuoni kwa miguu yao, hata ikiwa ni ya vyumba viwili, kwani bustani haitamfundisha mtu Al-Fatiha. Asiye na watoto, au ambaye kazi yake imemlazimisha kukaa mbali, na afanye kama Umar: atafute mwenzi wa zamu, na sehemu ya ile fedha anayolipia utulivu aitoe kwa mwalimu wa chuo. Na popote atakapokaa, juma la kwanza abishe hodi nyumba ya kulia na ya kushoto, ajitaje jina, aulize majina yao.

Kisha ajiulize suala ambalo dalali hatamuuliza: “Siku nitakapohamishwa tena kutoka hapa, je, mtaa utajua kuwa nilikuwako?” Anayeweza kujibu ndiyo amechagua vyema, awe kilimani au nyuma ya maduka.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu wasafiri majirani wema, na awafanye wao kuwa majirani wema zaidi. Wabillahi taufiq.