Jibu la Waziri na Haki ya Mwenye Kuuliza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo ambayo Waislamu wa pwani huyasikiliza wakiwa barazani au madukani mwao ni kile kipindi cha maswali katika Bunge. Mbunge husimama akaomba swali lake lijibiwe, na waziri au naibu wake husimama akasoma jibu. Wengi katika wasikilizaji hulihesabu jambo hili kuwa ni la siasa tu, lisilokuwa na hukumu katika dini. Akimshinda mwenziwe kwa ulimi huyu, hucheka. Akimshinda yule, hucheka vile vile. Kisha kila mtu huenda zake. Na huko ni kughafilika, kwani ndani yake mna swali, na mna jibu, na mna haki ya watu wasiokuwapo pale. Na mambo matatu haya maulamaa wameyazungumza tangu zamani, kabla hapajakuwa na Bunge wala wabunge.

Desturi yenyewe ilikuja pwani hii pamoja na Waingereza. Mabaraza ya kutunga sheria yaliwekwa Kenya mwaka 1907, na Tanganyika na Unguja mwaka 1926, na wenyeji hawakuwa na sauti ndani yake ila ya wachache walioteuliwa. Leo mambo si hayo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, imelipa Bunge ruhusa ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Zanzibar nayo ina Baraza lake la Wawakilishi tangu mwaka 1980, na mawaziri wake huulizwa humo. Basi huyu mwenye kuuliza si mtu aliyejiingiza katika yasiyomhusu. Amewakilishwa na watu ambao hawana njia ya kumfikia waziri, naye ni wakili wao; na haki ya wakili katika kuuliza ni haki ya yule aliyemuwakilisha.

Na jinsi linavyoulizwa ni hivi. Swali hupelekwa kwanza kwa maandishi, likafika wizarani, likatafutiwa habari zake na watumishi, likaandikiwa jibu, jibu likapitiwa, ndipo waziri akasimama nalo. Yapasa mwenye kusoma alishike hili, kwani litakuja kuhitajiwa mbele: jibu hilo si neno lililoponyoka ulimini. Ni neno lililopimwa na kuandikwa kwa utulivu. Baada yake huja maswali ya nyongeza, na hayo waziri huyajibu papo kwa papo.

Sasa na ipigwe mithali. Mbunge auliza: Mradi wa maji wa kijiji fulani utakamilika lini? Waziri ajibu kuwa utekelezaji wa mradi huo umefikia asilimia 90, na kwamba Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakapopatikana. Ukienda kijijini utakuta tangi limejengwa, na mabomba yamelazwa, lakini pampu haijanunuliwa, na mwanamke wa kijiji kile angali akiamka kabla ya alfajiri kufuata maji kisimani kwa ndoo. Hakuna uwongo katika jibu lile. Kazi iliyokwisha ni asilimia 90 kweli. Na fedha zikipatikana zitatengwa, nalo ni kweli. Lakini aliyeuliza aliuliza siku, hakupewa siku. Na aliyesikia alifahamu kuwa maji yamekaribia, nayo hayakukaribia. Hii ndiyo mas-ala yenyewe: Je, mtu aliyesema maneno ya kweli tupu, naye akikusudia asifahamike, amesalimika na dhambi?

Jawabu lake limo katika babu ya tauria. Na tauria ni mtu kunena neno lenye maana mbili, yeye akakusudia ile ya mbali, na msikizaji akafahamu ile ya karibu. Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277, ameieleza hukumu yake katika kitabu chake al-Adhkar, na muhtasari wake ni huu: ikiwa pana maslaha ya kisharia au haja ya kweli, hapana ubaya, na ikiwa hapana haja, ni makuruhu, na ikiwa kwa tauria hiyo mtu anafikia batili au anaisukuma haki ya mwingine, basi hapo ni haramu. Mwenye akili na atazame waziri wetu wa mithali yuko katika fungu gani. Maji ya umma yana fedha ya umma, na fedha hiyo ni amana, na mwenye mali ana haki ya kujua mali yake imefika wapi. Kumficha habari yake kwa neno la kweli ni kuisukuma haki hiyo mbali naye.

Na liko jambo jingine lililo zito zaidi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kadhi akimwapisha mtu katika haki iliyodaiwa mbele yake, kiapo hufuata nia ya kadhi aliyeapisha, wala hakifuati nia ya mwenye kuapa. Mdaiwa hawezi kuapa huku akikusudia moyoni maana nyingine, kisha akatoka akidhani amepona. Na sababu yake ni wazi: lau tauria ingalifaa mbele ya kadhi, isingalisalia haki hata moja duniani, kwani kila mwenye deni angalitafuta neno la kupitia. Sababu hiyo hiyo imo Bungeni. Anayeuliza ana haki ya kuuliza, na nyuma ya swali lake pana haki za watu. Kwa hivyo jibu hupimwa kwa maana aliyoitaka muulizaji na aliyoifahamu, si kwa maana aliyojifichia mwenye kujibu.

Akisema mtu: Waziri hakuapishwa wakati ule wa kujibu, vipi basi afananishwe na mwenye kuapa? Naajibiwe kuwa kutoapa kunaondoa kafara, hakuondoi haki. Tena waziri aliapa siku aliyopokea kazi.

Na akisema: Ziko siri za dola zisizofaa kutangazwa. Hilo ni kweli, na hakuna mwenye kulikataa. Habari za ulinzi, na jambo lililo mbele ya mahakama, na maradhi ya mgonjwa mmoja mmoja, hayo husitiriwa. Lakini mwenye kusitiri haki husema waziwazi kuwa jambo hili halitajibiwa hapa, na sababu yake ni kadha. Huyo amefunga mlango mbele ya macho ya watu, nao wanajua kuwa umefungwa. Ama yule mwingine ameuchora mlango ukutani, akawaambia watu wapite. Na habari ya pampu isiyonunuliwa ina siri gani?

Mwenye kutaka kuona jinsi swali la pili linavyofungua kile kilichofungwa na jibu la kwanza, na akisome kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtu huyu alitumwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kukusanya zaka za Bani Sulaim. Aliporudi alihesabiwa, akayagawa mafungu mawili: hili akasema ni lenu, na hili akasema ni zawadi aliyopewa yeye. Tazama kuwa hapana katika habari ile anayesema kuwa alidanganya. Huenda watu wale walimpa kweli, kwa mikono yao na kwa maneno yao wenyewe. Ndipo Mtume akamuuliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi hizo zingalimfuata huko. Kisha akasimama akawahutubia watu juu ya jambo hilo, ili lisibaki baina ya wawili. Kwa swali moja neno zawadi lilivuliwa nguo yake. Hakuulizwa kama amesema kweli; aliulizwa ile kweli yake imetoka wapi. Na swali la nyongeza la mbunge mwenye kujua kazi yake ni la namna hii: asilimia 10 iliyobaki ni kitu gani, na bila ya hicho yatoka maji mangapi?

Kipo na kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar kuulizwa juu ya nguo yake naye yuko juu ya mimbari. Lakini kina maneno katika isnadi yake, na kilicho sahihi chatosha.

Wala mtu asidhani kuwa ugonjwa huu ni wa Waafrika au wa Waislamu peke yao. Uingereza, ambako swali la kwanza la namna hii linalojulikana liliulizwa katika Baraza la Malodi mwaka 1721, juu ya mweka fedha wa kampuni aliyekimbilia ng'ambo, ilipatwa nao vibaya sana. Serikali yake ilikuwa na masharti juu ya kuziuzia silaha Iran na Iraki zilipokuwa zikipigana. Vita vilipokwisha mwaka 1988, baadhi ya mawaziri waliyalegeza masharti hayo kimya kimya. Nao wabunge walipouliza, walijibiwa kuwa siasa ya serikali haikubadilika. Kesi moja ya wauza mitambo ilipovunjika mahakamani mwaka 1992, jambo likafichuka, na jaji Richard Scott akawekwa kulichunguza. Ripoti yake ilitoka mwaka 1996, nayo ilionyesha kuwa Bunge halikupewa habari kamili. Katika utetezi uliotolewa palikuwa na maneno ya kusema kuwa nusu ya habari ikiwa ni sahihi si uwongo. Haya ndiyo tauria kwa jina lake, na waliosema hawakupata kusoma fikihi. Mwaka 1997 mabaraza mawili ya Bunge lao yakaazimia kuwa waziri amepaswa kutoa habari sahihi na ya kweli, na akikosea asahihishe mapema iwezekanavyo, na mwenye kulipoteza Bunge kwa kusudi ajiuzulu.

Nchini Kenya njia imekuwa nyingine. Katiba ya mwaka 2010 iliwatoa mawaziri katika ubunge, na ibara yake ya 153 ikawalazimu kufika mbele ya kamati na kujibu kila swali la kazi zao. Miaka mingi swali likajibiwa katika chumba cha kamati, mbali na macho ya watu wengi, hata mwaka 2023 Bunge la Taifa, baada ya kuzibadilisha kanuni zake, likaanza kuwaita mawaziri katika ukumbi wenyewe. Na kujibu mbele ya watu kuna faida, kwani aibu ni mlinzi. Ila aibu haimlindi asiyeulizwa swali la pili.

Hayo ni ya mwenye kujibu. Na mwenye kuuliza naye ana hesabu yake, wala haimstahiki kuachwa. Watu wa Kufa walimshitaki Saad bin Abi Waqqas, gavana wao, kwa Sayyidna Umar, hata wakasema kuwa hajui kusalisha. Umar akamwondoa kazini, kisha akamuuliza, naye akaeleza jinsi anavyosali. Umar hakutosheka na maneno ya upande mmoja wala wa pili. Aliwatuma watu pamoja na Saad mpaka Kufa, wakapita msikiti kwa msikiti wakiwauliza wale waliotumikiwa. Wote wakamsifu, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs, akasimama mtu mmoja akamsingizia kuwa haendi na jeshi, wala hagawi sawa, wala hahukumu kwa uadilifu. Saad akamwombea kwa Mwenyezi Mungu kwamba, ikiwa ni mwongo aliyesimama kwa kutaka kuonekana na kusikiwa, apewe umri mrefu, na ufakiri mrefu, na fitina. Na dua ile ilipokewa, mtu yule akaonekana katika uzee wake, nyusi zimemwangukia machoni, akiwasumbua wasichana njiani. Kusimama kwa kutaka kuonekana na kusikiwa ndio ugonjwa wa mbunge anayeuliza swali ambalo jibu lake hana haja nalo, ili jimboni wasikie sauti yake. Alama yake ni kuwa jibu likitoka, limefaa au halikufaa, yeye amekaa, na mwaka wa pili hakumbuki aliuliza nini.

Na wapiga kura waliomtuma wana sehemu yao. Wakimhesabu kwa mzaha alioutia katika swali, na wasimuulize pampu, watakuwa wamemfundisha kazi yake.

Imebaki mas-ala ya waziri aliyekwisha kujibu kwa kuficha, kisha akataka kutubu. Ama katika maswali ya nyongeza udhuru wake huenda ukakubaliwa, kwani aliulizwa ghafula. Na hapo lililo bora ni kusema kuwa jibu ataleta kesho, na akalileta. Ama lile jibu lililoandikwa wizarani na kupimwa, udhuru wa kuteleza ulimi haupo. Na haki za waja hazifutwi kwa istighfari peke yake, mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Haki iliyochukuliwa hapa ni habari, basi irudishwe habari, na irudishwe pale ilipochukuliwa. Maneno ya Bunge huandikwa katika taarifa zake rasmi ziitwazo Hansadi, na jibu lile la asilimia 90 limo humo kwa tarehe yake. Haimtoshi kumwambia mbunge sirini, katika chakula au njiani. Yampasa asimame katika ukumbi ule ule, ataje siku ya jibu la kwanza, aseme kuwa pampu haikununuliwa, na kwamba kijiji hakina maji, ili liandikwe nalo.