Deni la Mtoto kwa Wazazi Wake

Hakuna mtu aliyejizaa mwenyewe. Kila mmoja wetu alikuja duniani bila jino la kutafunia wala mguu wa kusimamia, akabebwa na mikono ya wengine mpaka alipoweza kujibeba. Kwa hiyo kila mtu ana deni ambalo hakulikopa kwa hiari yake, na ambalo ni vigumu kujua lini limekwisha kulipwa. Mataifa yote yamelifikiri deni hili. Wachina walilifikiri kwa karne nyingi, na dini ya Budha ilipoingia katika nchi yao iliwalazimisha kulifikiri upya.

Confucius, mwalimu mkuu wa China aliyeishi tangu mwaka 551 hata 479 K.K., na wanafunzi wake, walifundisha kwamba utii kwa wazazi ni mzizi wa wema. Katika mafundisho yaliyofuata, hata mwili wa mtoto haukuhesabiwa kuwa mali yake. Nywele na ngozi yake ni amana aliyopewa na wazazi, na amana haiharibiwi. Wala wajibu huu haukukoma kaburini. Wazee waliokufa waliwekewa vibao vyenye majina yao, wakafukiziwa udi na kuandaliwa chakula. Kila mwaka, mapema mwezi wa Aprili, katika siku iitwayo Qingming, jamaa walikwenda kuyafagia makaburi. Mtu aliyekufa bila ya mwana alihurumiwa, kwa sababu hapakuwa na mkono wa kumwandalia.

Dini ya Budha ilifika China yapata karne ya 1 B.K., ikitoka India na Asia ya Kati pamoja na wafanyabiashara na watawa. Ilifundisha kwamba maisha yamejaa mateso, kwamba chanzo cha mateso ni tamaa, na kwamba mtu aweza kufunguka kwa kuizima tamaa hiyo. Aliyetaka kuifuata njia hii kwa ukamilifu alitoka nyumbani. Ndivyo alivyofanya Budha mwenyewe, kama yasemavyo masimulizi: alimwacha baba yake mtawala, akamwacha mkewe na mtoto wao mchanga. Mtawa alinyoa kichwa, hakuoa, hakuzaa. Tena, kwa shauri la mtawa Dao'an, aliyeishi miaka ya 312 hata 385, watawa wa China waliacha majina ya koo zao, wakatwaa wote jina moja la Shi, lililotokana na ukoo wa Budha.

Basi fikiri, msomaji, uchungu wa baba wa Kichina aliyeletewa habari kwamba mwanawe amekuwa mtawa. Nywele alizompa zimenyolewa. Jina alilompa limeachwa. Wajukuu aliowangojea hawatazaliwa. Je, mtoto huyu hakuwakana wazazi wake?

Wengi walijibu kwamba amewakana. Katika mwaka 819, mwandishi Han Yu alimwandikia mfalme barua kali alipoona kwamba mfupa uliosemekana kuwa wa Budha umepokewa kwa heshima katika jumba la kifalme. Alisema kwamba Budha alikuwa mgeni asiyejua wajibu wa raia kwa mtawala wala wa mwana kwa baba. Mfalme alighadhibika, akamhamishia mbali kusini. Lakini katika mwaka 845 mfalme mwingine, Wuzong, alibomoa nyumba za watawa zaidi ya 4,600, na watawa 260,500, waume kwa wake, wakarudishwa katika maisha ya kawaida. Haki itutake tuseme kwamba si kila pigo lilipigwa kwa ajili ya upendo wa wazazi. Watawa hawakulipa kodi, na sanamu za shaba ziliyeyushwa zikawa fedha.

Watawa nao hawakukosa jibu. Mapema zaidi, katika mwaka 404, Huiyuan alikuwa ameandika kwamba mtawa ameacha kanuni za nje za nyumba yake, lakini hakupungukiwa na utii wa ndani. Na mtu mmoja akikamilika katika wema, faida yake huwaenea jamaa zake wote.

Watu wa kawaida walilielewa jambo hili kwa hadithi ya Mulian, mwanafunzi wa Budha. Mulian alimwona mama yake aliyekufa akiteseka miongoni mwa mizimu yenye njaa. Akampelekea wali; lakini kila tonge ikawa kaa la moto kabla ya kufika kinywani. Budha akamwambia kwamba nguvu zake peke yake hazitoshi. Sharti atoe sadaka kwa jamii nzima ya watawa, siku ya 15 ya mwezi wa 7, kwa ajili ya wazazi wake na vizazi saba. Mulian akatii, na mama akaokoka. Hata leo Wachina wengi huwakumbuka wafu kwa chakula na udi katika siku hiyo. Na katika mapango ya Longmen, karibu na mji wa Luoyang, yapo maandishi ya zamani yanayoonyesha kwamba hata watawa walichongesha sanamu ili thawabu yake iwafikie baba na mama zao.

Tuamue vipi? Upande wa kwanza una nguvu hii: mzee mwenye njaa hashibi kwa sifa za mwanawe aliye mbali. Wema unaompita mama mlangoni ili kwenda kuwaokoa walimwengu wastahili kutiliwa shaka. Upande wa pili nao una nguvu yake: kukaa karibu si kulipa. Yuko mtoto asiyetoka nyumbani kamwe, na moyo wake hauna habari na wazazi wake. Tonge la Mulian latufundisha kwamba upendo unaoishia kwa mama peke yake huweza kumwunguza. Ulipowafikia wengine, ndipo ulipomrudia na kumponya.

Naona kwamba mtoto aondokaye hahukumiwi kwa hatua zake, bali kwa makusudi yake. Akiondoka ili aukimbie mzigo, amekana. Akiondoka ili atafute jema lililo kubwa kuliko nafsi yake, na jema hilo likapata njia ya kurudi kwao alikotoka, hakukana. Walakini na asidhani kwamba hakuna aliyeumia. Hata kuondoka kwa haki huacha kiti kitupu, na mwenye haki hukikumbuka kiti hicho. Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali. Naye asiyeweza kulipa deni lote aweza walau kuiomba radhi.

Tangu mwaka 1966 desturi hizi zilipigwa vita katika China, na mahekalu mengi yalifungwa au kuharibiwa. Lakini katika mwaka 2008 Qingming ilifanywa sikukuu ya taifa. Watu wanaofanya kazi katika miji ya mbali hujaza magari ya moshi, wakarudi kuyafagia makaburi ya wazee wao. Waliondoka, lakini hawakusahau kwamba wanadaiwa.