Kinga ya Mwili na Swali la Hatia

Saratani ya umio imeenea mno katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Katika hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, hata vijana wasiofika miaka 30 hulazwa kwa sababu yake: ugali unakwama, kisha uji, mwishowe hata maji. Kwa familia yoyote ya eneo hilo swali huja upesi: amekosa nini?

Biolojia haioni kosa. Kinywaji cha moto kupita kiasi, ambacho mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikitaja kuwa huenda kinaleta saratani kikizidi nyuzi 65, huunguza utando wa umio. Chembe nyeupe za damu, sehemu ya kinga ya mwili, hukimbilia hapo, humwaga kemikali za kuua vijidudu na kuchochea seli mpya zizibe jeraha. Jeraha likirudiwa kila siku, kemikali hizohizo huharibu vinasaba. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliziona chembe hizo ndani ya saratani tangu mwaka 1863.

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uovu si kitu chenye nafsi yake, bali ni upungufu wa wema. Hapa fundisho hilo linakaa vizuri: kinga ni njema, ila imekosa kikomo. Halimfariji mama aliyefiwa, na lisilazimishwe kumfariji. Lakini hatia linaiondoa, kama Yesu alivyokataa, katika Yohana sura ya 9, kuuhusisha upofu na dhambi ya kipofu au ya wazazi wake.