Taka na Umri

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa neno hilo hawakutukataza kupenda vipya. Walituonya kwamba macho hudanganyika upesi kwa king'aacho. Katika insha hii tunapenda kuupima usemi huo kwa chombo kimoja cha pwani yetu, nacho ni kasha la mbao lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba. Mtu asafishaye kitu cha kale ana haki ya kuondoa nini, na ana wajibu wa kuacha nini?

Makasha ya namna hii yaliletwa Unguja, Lamu na Mombasa kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba ya Uajemi, na baadaye mafundi wa pwani wakayaunda pia. Mengi ni ya msaji. Ndani mna kishubaka cha vitu vidogo, na mengine yana saraka kwa chini. Humo ziliwekwa nguo, hati na vito.

Kwetu lilikuwapo kasha moja la bibi yetu mzaa mama. Tulipokuwa vijana, sisi na ndugu zetu tuliuonea haya weusi wake, tukaazimia kulifanya jipya. Tulizikwangua mbao kwa msasa, tukaisugua shaba kwa ndimu na majivu hata ikawaka kama jua, kisha tukapaka vanishi. Bibi alipolitazama alinyamaza kitambo, akasema: "Wajukuu zangu, mmefanya kazi kubwa. Lakini pale mama alipokuwa akiweka mkono akifungua, sasa hapapo."

Hatukuwa na jibu. Weusi wa ukingo wa kifuniko, tuliouita uchafu, ulikuwa alama ya viganja vya miaka mingi. Wala hasara haikuishia hapo. Maji ya ndimu yaliyobaki chini ya mabamba yaliendelea kuila shaba, ikatoka kutu ya kijani iliyozitia mbao madoa.

Mafundi wenye busara hutenda vingine. Huanza na brashi laini na kitambaa kikavu. Dawa yoyote huijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Hawang'oi msumari wa kale ovyo, kwa kuwa mbao kavu hupasuka. Huisafisha shaba palepale, wakizikinga mbao kwa karatasi ngumu, kisha hufuta kabisa mabaki ya dawa. Mwisho mbao huzipaka nta kidogo. Kutu ilayo chuma na wadudu watoboao mbao huondolewa bila huruma. Rangi iliyoiva kwa miaka huachwa. Hapa ndipo penye kanuni: taka ni kile kinachoangamiza kasha, umri ni kile kilichoishi nalo.

Huenda mwanafunzi akauliza: je, kila cha kale kihifadhiwe? La. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote. Kuchagua, basi, ni lazima. Lakini kuchagua si kuficha. Utajiri wa Unguja wa karne ya 19, ulionunua makasha mengi ya fahari, ulitokana pia na jasho la watumwa katika mashamba ya karafuu, na soko la watumwa halikufungwa hadi mwaka 1873. Tukiling'arisha kasha na kuinyamazia habari hiyo, tumesafisha shaba tukachafua ukweli. Mila ya kumdhulumu mtu ni kama wadudu wale: ifukuzwe katika maisha yetu, lakini matundu iliyoyatoboa tusiyapake rangi yakasahaulika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliitia katika ulinzi milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Hata hivyo, hakuna askari awezaye kusimama kando ya kila kasha la nyumbani. Mlinzi wake ni kijana aliyefundishwa kuuliza kabla ya kushika msasa: alama hii ni ya nani, nami nikiifuta, nani atamkumbuka?

Kasha la bibi tungali nalo. Vanishi yetu imebambuka, nasi hatukuipaka tena. Ukingoni mwa kifuniko, polepole, weusi umeanza kurudi.