Atanikufurisha Huyu!

Mama wa Mombasa aliyechoshwa na ukorofi wa mwanawe hupiga ukelele: "Mtoto huyu atanikufurisha!" Si kwamba mtoto amemletea hoja ya kukanusha kuwapo kwa Mungu. Subira imemfika ukingoni, na neno lililo karibu kumponyoka ni la kuombea toba.

Kusini mwa Marekani nako upo msemo wa namna hiyo. Mtu aliyepandwa na hasira hadi karibu atukane husema anapotewa na dini yake. Michael Stipe, mzaliwa wa Georgia na mwimbaji wa R.E.M., aliuchukua msemo huo akaupa wimbo, Losing My Religion, nao ndio uliowatoa. Nyumbani bendi hiyo ya roki mbadala ilikuwa na jina tayari. Lakini Out of Time, albamu yao ya saba yenye wimbo huo, ilipotoka Machi 1991, ilishika namba moja Marekani na Uingereza.

Wimbo wenyewe haukuwa na sura ya kupendwa na redio. Peter Buck, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikuwa bado anajifunza mandolini, akiidonoa mbele ya televisheni huku kinasa sauti kikizunguka. Baadaye, katika kusikiliza kanda, ndipo akaikuta ile tuni ya mandolini ambayo sasa hutambulika kwa sekunde mbili. Kiitikio hamna.

Wengi walioupokea mbali na Georgia walisikia ungamo la mtu aliyeacha kuamini. Video iliyoongozwa na Tarsem Singh iliwasaidia kudhani hivyo: jagi la maziwa linaanguka kutoka dirishani na kupasuka, kisha anatokea mzee mwenye mabawa aliyeporomoka kutoka juu, kama yule wa hadithi ya Gabriel García Márquez. Stipe mwenyewe ameeleza kwamba aliandika juu ya mapenzi ya upande mmoja, ya mtu anayependa asijue kama anapendwa.

Je, waliousikia vile walikosea? Si kabisa. Msemo huo, wa Georgia kama wa Mombasa, unabeba swali zito: imani ya mtu iko wapi, katika yale anayoyakubali moyoni au katika yale anayoweza kuyazuia mdomoni? Misemo yote miwili inaelekea mdomoni. Mwenye dini ni mwenye kujizuia. Akiropoka, dini imemtoka.

Hapo ndipo Ayubu anapoleta ugumu. Wakristo na Waislamu humtaja kama kielelezo cha subira, na ni haki yake. Lakini aliyesoma kitabu chake katika Biblia anajua kwamba Ayubu hakunyamaza. Aliilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu majibu, sura baada ya sura. Marafiki zake watatu walimtetea Mungu kwa maneno yaliyonyooka, na mwishoni hasira ya Mungu iliwaka juu yao, si juu yake. Mlalamikaji bado alikuwa anazungumza na aliyemlalamikia. Hata yule anayependa katika wimbo ule yuko hivyo: angekuwa amekata tamaa kweli, asingeimba.

Kwa hiyo inafaa kuusikiliza upya ukelele wa yule mama, hasa ile "ta" iliyomo ndani ya kitenzi. Hasemi amekwisha kukufuru. Anasema mtoto ata-mkufurisha, na kwa kulitaja shimo anajizuia asitumbukie. Tishio lenyewe ndilo breki. Haliwezi kusemwa na mtu asiye na dini ya kuipoteza, wala haliwezi kumlenga mtoto wa jirani asiyemhusu.

Akishalisema, hushusha pumzi, akatamka astaghafirullahi kwa sauti ya chini, akaokota vipande vya kikombe kilichovunjwa, kisha akamwita mtoto yule yule aje anawe mikono, chakula kimeiva.