Aliyetoa Amri Akikalia Kiti cha Hakimu

Ukimwona morani mnadani Karatu, sime kiunoni na fimbo mkononi, utadhani haogopi mtu. Anawaogopa wazee wa olpiron, rika la juu lililowawashia yeye na wenzake moto wa kuingia umorani. Akivuruga mambo huko Ngorongoro, hao ndio wenye neno zito. Watakaa kivulini mchana kutwa, kila msemaji akisimama na fimbo yake, hadi ijulikane itatoka mitamba mingapi. Mkuki hawaushiki tena, ila waliwahi kuushika. Hapo ndipo ninapoiona hekima: mwenye silaha anahukumiwa na aliyekwisha kuiweka chini.

Majeshi yenye mihuri na majalada yalichelewa kulifikia hilo. Mwaka 1867 Urusi ya kifalme, Dmitry Milyutin akiwa waziri wa vita, ilipata sheria mpya ya mahakama za kijeshi, yenye mwendesha mashtaka na mtetezi. Lakini mwaka 1906, nchi ilipochafuka, serikali ya waziri mkuu Stolypin ikaleta mahakama za dharura: maofisa wasiosomea sheria, kesi imalizwe ndani ya saa 48, na hukumu itekelezwe ndani ya saa 24. Waliofikishwa huko walikuwa raia.

Na tusiwacheke Warusi. Saa chache kwa basi kutoka Karatu, kule Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli na wenzake tarehe 2 Machi 1900. Waliomshtaki ndio waliomhukumu. Ile siiiti kesi. Ilikuwa vita iliyovaa joho.

Mahakama, kwangu, ni mahali ambapo mkubwa anaweza kutoka amenuna. Askari wa Tanganyika Rifles walioasi Januari 1964 katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, walimfanya Nyerere ajifiche. Kiongozi wao, Sajini Francis Hingo Ilogi, alifungwa miaka 15. Wengine waliotiwa hatiani wakapata pungufu. Serikali ilisema wazi kwamba adhabu hizo ni ndogo mno, kisha ikaziacha zilivyo. Kwa rais aliyefedheheshwa kiasi kile, hilo si jambo dogo.

Uganda walionuna hawakuvumilia. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilikataza raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi. Mwezi Mei Bunge likapitisha sheria mpya, Juni Rais Museveni akaisaini, na raia akaweza tena kusimamishwa mbele ya maofisa.